Kamera ya filamu ya babu: kwa nini shata yake hugoma, na namna ya kuiokoa

Katika nyumba za Kamembe, kama ilivyo ng'ambo ya mto Rusizi mjini Bukavu, si ajabu kukuta juu ya kabati kamera nzito yenye macho mawili, moja juu ya jingine, ikiwa ndani ya mkoba wake wa ngozi. Huenda ilikuwa ya mzee aliyekuwa na studio ya picha, au ya mjomba aliyepiga picha za arusi na za vitambulisho. Leo mjukuu anaitoa, anaipangusa vumbi, anabonyeza kitufe, na hakuna kinachosikika. Hukumu hutolewa papo hapo: imekufa, iwekwe sebuleni kama pambo au iuzwe.

Mara nyingi hukumu hiyo hutolewa kwa haraka. Kamera za aina hii hazikutegemea betri ili zipige picha. Zinaendeshwa na springi na magurudumu madogo ya meno, kama saa ya mkono ya zamani. Sehemu inayogoma kwanza huwa ndogo, nayo ni shata, yaani kilango kinachoruhusu mwanga kuingia kwa muda uliopimwa. Ikigoma, kwa kawaida imenata tu, haijavunjika. Makosa mawili yanayofanywa katika dakika za mwanzo, kufungua mgongo wa kamera na kutia oili, yanaweza kuleta hasara kubwa kuliko miaka yote ambayo kamera ilikaa kabatini.

Kwanza: je, kuna filamu ndani?

Kabla ya kupima chochote, mwenye kamera anapaswa kujiuliza kama ndani yake kuna filamu iliyosahaulika. Filamu nyeusi na nyeupe iliyokwisha kupigwa inaweza kutoa picha hata baada ya miongo kadhaa, ingawa picha hizo huwa zimefifia. Mgongo wa kamera ukifunguliwa mchana, mwanga unaifuta kazi hiyo kwa sekunde chache.

Katika nchi hii jambo hilo lina uzito wake. Kwenye Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari iliyoko Gisozi, mjini Kigali, kuna chumba chenye picha zilizotolewa na familia za watu waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Kwa familia nyingi, picha moja iliyosalimika ndiyo njia pekee ya kuwaonyesha watoto sura ya babu, shangazi au mjomba. Filamu iliyobaki ndani ya kamera ya miaka ile haifai kuchezewa.

Dalili za kuangalia ni hizi. Kamera nyingine zina kidirisha kidogo chekundu mgongoni. Kama kuna filamu, namba zilizochapwa kwenye karatasi yake huonekana hapo. Nyingine zina kihesabu picha pembeni. Kikionyesha namba kati ya 1 na 12, yafaa kudhani kwamba filamu imo. Dalili ya tatu ni uzito wa mkono wa kuvutia filamu: ukizungushwa polepole, husikika kama kuna karatasi inayovutwa ndani.

Filamu ikiwemo, mgongo usifunguliwe. Kazi ifanyike ndani ya chumba chenye giza, lenzi zote mbili zikiwa zimefunikwa kwa kitambaa kizito cheusi. Filamu ivutwe taratibu hadi mwisho. Kama kamera haikubali kuvuta bila kubonyeza, ibonyezwe hivyo hivyo lenzi zikiwa zimefunikwa, kisha ivutwe tena. Filamu ya namba 120, ambayo ndiyo inayotumika katika kamera hizi, imefungwa pamoja na karatasi ndefu isiyopitisha mwanga. Ikifika mwisho na kujiviringisha yote kwenye kigurudumu cha pili, karatasi hiyo huilinda, nayo inaweza kutolewa na kupelekwa kwa anayejua kusafisha filamu za zamani. Ikikwama njiani, iachwe mahali pake na kamera nzima ipelekwe kwake.

Shata ya vibamba hufanyaje kazi?

Kamera za filamu zina aina mbili kuu za shata. Ya kwanza ni ya pazia: mapazia mawili hupita mbele ya filamu, moja likifungua na jingine likifunga. Aina hiyo ndiyo iliyo katika kamera nyingi za filamu ndogo ya milimita 35 zenye lenzi za kubadilisha. Ya pili ni shata ya vibamba, inayokaa ndani ya lenzi yenyewe, katikati ya vioo vya mbele na vya nyuma. Vibamba vyake ni vya chuma, mara nyingi vitano, vyembamba sana na vilivyolaliana. Kitufe kinapobonyezwa, vinafunguka kutoka katikati kwenda pembeni, vinasubiri kwa muda uliowekwa, kisha vinafunga.

Muda huo huanzia sekunde 1 hadi sehemu ya 500 ya sekunde katika kamera nyingi za kitaalamu. Kwa kasi kubwa, nguvu ya springi ndiyo inayoamua. Kwa kasi ndogo kuna mfumo wa magurudumu ya meno unaochelewesha vibamba visifunge mapema. Ule mlio wa "zzzz" unaosikika kamera inapowekwa kwenye sekunde 1 au nusu sekunde ni mlio wa magurudumu hayo, na ni dalili ya uzima.

Shata za namna hii zilitengenezwa kwa wingi nchini Ujerumani na Japani. Jina la Compur, lililoanza kutumika mwaka 1912, limechorwa kwenye lenzi nyingi za Kijerumani, zikiwemo za kamera za Rolleiflex zilizoingia sokoni mwaka 1929. Yashica Mat-124G, kamera ya Kijapani iliyoanza kuuzwa mwaka 1970, ina shata ya Copal. Hasselblad 500C ya Uswidi, ya mwaka 1957, ilileta lenzi za kubadilisha, kila moja ikiwa na shata yake ndani.

Kamera zenye macho mawili hutumia jicho la juu kwa kutazamia na la chini kwa kupigia picha. Shata iko katika jicho la chini peke yake. Kwa hiyo anayetazama kupitia kioo cha juu anaweza kuona sura safi kabisa, ilhali chini vibamba vimenata na hakuna mwanga unaofika kwenye filamu.

Kwa nini wapiga picha wa studio waliipenda

Studio za picha zina historia ndefu katika ukanda huu. Mjini Zanzibar, Capital Art Studio ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, nayo ilihifadhi sura za vizazi kadhaa vya wakazi wa visiwa hivyo. Afrika Magharibi, Malick Sidibé wa Mali aliyejulikana kwa picha za vijana wa Bamako alipewa tuzo ya Hasselblad mwaka 2003. Filamu ya 120 iliwafaa watu wa kazi hiyo: kila roli hutoa picha 12 za mraba wa takriban sentimita 6 kwa 6, na negativu ya ukubwa huo inaweza kuchapwa moja kwa moja kwenye karatasi bila mashine ya kukuzia.

Shata ya vibamba ilikuwa na faida mbili zaidi. Ya kwanza ni utulivu. Haipigi kelele wala haitikisi kamera, na kamera zenye macho mawili hazina kioo kinachoruka wakati wa kupiga. Mpiga picha mwenye mkono imara anaweza kupiga kwa sehemu ya 30 ya sekunde, hata ya 15, bila kutumia stendi.

Faida ya pili ni flashi. Shata ya pazia inapokwenda kasi haifungui filamu yote kwa wakati mmoja. Kinachopita ni mwanya mwembamba, na flashi ikiwaka huangaza sehemu tu ya picha. Kamera ya Pentax 6x7, kwa mfano, yenye shata ya pazia, haikubali flashi kwa kasi inayozidi sehemu ya 30 ya sekunde. Shata ya vibamba hufunguka yote kwa kila kasi, kwa hiyo flashi inaweza kutumika hata kwa sehemu ya 500.

Umuhimu wake unaonekana saa sita mchana kando ya Ziwa Kivu, maarusi wakiwa wamesimama na jua la utosini likitia kivuli kizito machoni mwao. Mpiga picha anahitaji flashi ili kuondoa kivuli hicho. Akiwa na filamu ya ISO 100 chini ya jua kali, anaweza kuweka sehemu ya 500 ya sekunde na tundu la lenzi f/8. Mwenye shata ya pazia inayomlazimisha kubaki kwenye sehemu ya 60 atahitaji tundu dogo zaidi la f/22 ili mwanga wa jua usizidi. Flashi yenye namba ya nguvu 32 hufika mita 4 kwenye f/8, kwa kuwa 32 ikigawanywa kwa 8 ni 4. Kwenye f/22, flashi hiyo hiyo hufika takriban mita moja na nusu tu. Wa kwanza anaweza kuwapiga maarusi pamoja na wasimamizi wao. Wa pili inambidi asogee karibu mno.

Kinachoifanya igome

Vibamba vya shata vinapaswa kuwa vikavu kabisa. Ni vyepesi, na springi inayovisukuma si kubwa. Karibu navyo kuna grisi inayolainisha mzunguko wa lenzi wakati wa kulenga. Grisi hiyo ikizeeka, au kamera ikiachwa mahali pa joto kama dashibodi ya gari, mafuta yake hujitenga na kutambaa hadi kwenye vibamba. Tabaka lake ni jembamba kiasi kwamba huenda lisionekane kwa macho, lakini linatosha kuvishikamanisha kama vioo viwili vilivyolowa.

Ugonjwa mwingine uko kwenye magurudumu ya kasi ndogo. Oili ya kiwandani hukauka na kuwa kama gundi. Sekunde 1 inakuwa mbili, au shata inafunguka na kubaki wazi. Hali huonekana zaidi asubuhi yenye baridi, kwa sababu mafuta mazito huganda zaidi. Kamembe iko juu ya ziwa, kwenye mwinuko unaokaribia mita 1,500 au zaidi kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za huku si za joto la pwani. Kamera iliyofanya kazi vizuri saa nane mchana inaweza kusita saa moja asubuhi.

Ndiyo maana oili ya cherehani, ambayo wengi huikimbilia, ni adui mkubwa. Kwa siku moja au mbili shata inaonekana kupona, kwa sababu oili mpya imelainisha ile ya zamani. Baadaye inaenea kwenye vibamba na hata kwenye vioo, na kazi ya fundi inakuwa kubwa maradufu.

Kuipima bila kupoteza filamu

Baada ya kuhakikisha kwamba hakuna filamu ndani, mgongo unaweza kufunguliwa na kamera ikaelekezwa dirishani. Tundu la lenzi liwekwe wazi kabisa. Kwa kila kasi, mpimaji atazame kutoka nyuma: vibamba vifunguke kwa ghafla na vifunge kwa ghafla. Vikifunguka kivivu, au kimoja kikabaki nyuma, vina mafuta.

Kasi ndogo hupimwa kwa sikio na saa. Sekunde 1 isikike kama sekunde 1, nusu sekunde kama nusu. Kwa kasi za kati, simu ya mkononi inasaidia. Simu nyingi za kisasa hurekodi video ya mwendo wa polepole kwa picha 240 kila sekunde. Shata ikiwekwa kwenye sehemu ya 30, mwanga unapaswa kuonekana katika picha 8 hivi za video hiyo. Kwenye sehemu ya 60, katika picha 4. Ukionekana katika picha 32 badala ya 8, shata inakaa wazi mara nne zaidi ya inavyotakiwa. Kwa sehemu ya 250 na ya 500 njia hii haitoshi, na kinahitajika kifaa maalumu cha fundi.

Matokeo yaandikwe kwenye kijikaratasi. Tofauti ndogo si msiba: filamu ya negativu huvumilia mwanga uliozidi mara mbili, na mara nyingi hata zaidi. Shata inayochelewa kwa kiasi kilekile kila mara bado inafaa, kwani mpiga picha anaweza kupunguza tundu la lenzi ili kufidia. Isiyofaa ni ile inayobadilika kila inapobonyezwa.

Kusafisha ni kazi ya nani?

Shata iliyonata haihitaji vipuri vipya. Inahitaji kuondolewa mafuta. Fundi hufungua vioo vya mbele, hugusa vibamba kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa kidogo kwa petroli ya laita, huibonyeza shata mara nyingi, hufuta mafuta yaliyoyeyuka, na kurudia hadi vibamba vibaki vikavu hata baada ya kupumzishwa siku nzima. Magurudumu ya kasi ndogo husafishwa peke yake, na hutiwa tone dogo sana la oili ya saa kwenye ncha za vyuma vinavyozunguka. Vibamba havitiwi chochote.

Anayemimina petroli nyingi bila kufungua vioo hupata nafuu ya muda tu. Mafuta huyeyuka na kusogea, kisha hurudi petroli ikishakauka, na alama zake huweza kubaki juu ya kioo. Tena, petroli ya laita hushika moto upesi. Haifai kutumika karibu na jiko, mshumaa au sigara, wala katika chumba kisicho na hewa.

Panapokosekana fundi wa kamera, fundi saa mzoefu ndiye aliye karibu zaidi na kazi hii, kwa kuwa ana bisibisi ndogo, mkono mtulivu na desturi ya kutotia oili kupita kiasi. Jambo moja asilolijua huenda likawa hili: kioo cha mbele kikirudishwa pasipo mahali pake sawasawa, picha zitatoka na ukungu. Kabla ya kufungua chochote, apige picha kila hatua kwa simu na kutia alama mahali kila kipande kilipokuwa.

Mazoea yanayoilinda

Zipo tahadhari chache ambazo watumiaji wa kamera hizi hujifunza, mara nyingi baada ya hasara.

Kitufe kigumu kisilazimishwe. Kamera ya aina hii ikikataa, kwa kawaida kuna hatua iliyorukwa, kama vile kuvuta filamu au kukaza shata.

Katika shata nyingi za zamani, kasi ya sehemu ya 500 hutumia springi ya ziada. Ichaguliwe kabla ya shata kukazwa, si baadaye.

Kamera nyingine zina kiswichi chenye herufi M, X na V. Herufi M ni ya balbu za zamani zilizoungua mara moja. X ni ya flashi za umeme za leo. V ni ya kumpa mpiga picha muda wa kukimbilia mbele na kuingia pichani. Kiswichi kikiwa kwenye M, flashi ya kisasa huwaka kabla vibamba havijafunguka, na filamu hutoka tupu. Kibaki kwenye X. Herufi V isiguswe katika kamera ambayo haijafanyiwa matengenezo, kwa sababu mfumo wake hukwama mara kwa mara na kuifunga shata nzima.

Kwa Hasselblad za mfululizo wa 500, lenzi na kamera zote ziwe zimekazwa kabla ya lenzi kufungwa au kutolewa. Vinginevyo hukwamana, na kuzitenganisha kwa nguvu huvunja chuma kinachoziunganisha.

Kamera inayokwenda kukaa muda mrefu iachwe bila kukazwa, ili springi zipumzike. Mara moja kwa mwezi ibonyezwe katika kila kasi. Shata inayotumika huchelewa kunata.

Unyevunyevu wa ziwa na misimu ya mvua

Mvua za kuanzia Machi hadi Mei, na zile za kuanzia Septemba hadi Desemba, huleta unyevunyevu unaoingia ndani ya kabati. Kuvu huota juu ya kioo kama nyuzi za buibui, na chuma cha springi hushika kutu. Mkoba wa ngozi ambao wazee waliuthamini ni mzuri kwa safari, lakini ni mbaya kwa hifadhi, kwa sababu ngozi hunyonya maji na kuyashikilia kando ya kamera.

Kilicho bora ni ndoo au kisanduku cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya chembe za kunyonya maji vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu vipya. Mchele usitumiwe badala yake. Vumbi lake huingia kwenye lenzi. Katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, kamera itolewe ikae mahali penye hewa na mwanga, si juani.

Filamu za 120 bado zinatengenezwa Ulaya, Marekani na Japani, ingawa bei yake si ndogo na mara nyingi huagizwa kutoka mbali. Roli moja ina nafasi 12 tu, kwa hiyo ni busara kumaliza vipimo vyote vya shata kabla ya kuinunua. Na kwa yule ambaye hana nia ya kupiga picha hata moja, bado kuna jambo moja la kufanya kabla kamera ya mzee haijauzwa sokoni: kuangalia kihesabu picha na kile kidirisha chekundu, mgongo ukiwa umefungwa.